Kisu cha Kukunja cha Urithi na Mwaka Wake

Kila Jubilei ina desturi ya kuwakumbusha watu vitu vya wazee wao. Wana wa Israeli walipovuka Yordani waliamriwa kusimamisha mawe kumi na mawili, ili watoto watakapouliza maana yake wapate kuambiwa habari ya kweli. Nasi katika Jimbo letu la Rulenge-Ngara, toka vilima vya Bugufi na Bushubi hata nyika za Biharamulo, tunavyo vitu vilivyo kama mawe yale: rozari zilizokatika, medali za wakatekumeni, vitabu vya katekisimu vilivyoliwa na mchwa, majembe ya wahunzi, na visu. Siku za Jubilei vitu hivi huletwa parokiani vionwe na watu, na kila kimoja huja na habari yake kinywani mwa mwenye nacho. Habari nyingine ni kweli tupu. Nyingine ni kweli iliyochanganyika na kweli ya kitu kingine. Nyingine ni tamaa ya heshima tu.

Katika kigango chetu palitokea shauri la namna hiyo, nalo lilihusu kisu cha kukunja, urithi wa nyumba yetu. Wazee walisoma juu yake tarakimu 1905, wakanena kwamba kisu hicho ni zawadi ya Mapadre wa kwanza kwa baba wa babu yangu, basi Injili ilifika kilimani kwetu mwaka huo. Wakataka ichapwe hivyo. Lakini kilima cha jirani kina katekista wake wa zamani, na watu wake husema kwamba wao ndio waliotutangulia katika imani, na kwamba katekista huyo ndiye aliyekuwa akivuka mto kuja kutufundisha. Kama 1905 ingechapwe, mtu yule angenyang'anywa jasho lake baada ya kufa. Wazee wakaniagiza mimi niandike maneno yatakayowekwa pamoja na kisu. Yafuatayo ni njia niliyoipita, nami naiandika kwa ukamilifu ili na watu wa parokia nyingine waitumie kwa visu vyao.

I. Kabla ya kisu cha kukunja

Mtu asidhani kwamba wazee wetu waliwangoja Wazungu ndipo wapate kukata nyama. Nchi za magharibi ya Ziwa Viktoria ni miongoni mwa nchi za Afrika ambamo chuma kiliyeyushwa zamani sana. Mabaki ya tanuru huko Katuruka, katika nchi ya Buhaya, yalichunguzwa na wataalamu tangu miaka ya 1970, nao wakaona ya kuwa kazi hiyo ilifanywa yapata miaka 2,000 iliyopita au zaidi. Na katika Buzinza wako Warongo, waliojulikana kwa kuyeyusha mawe ya chuma katika misitu. Majembe ya nchi ile yalichukuliwa mbali mpaka Usukuma na Unyamwezi.

Kisu cha mhunzi wetu ni rahisi kukitambua. Ni kengee moja iliyofuliwa kwa nyundo, mkia wake ukachomekwa motoni katika mpini wa mti, na ala yake ni ya mti au ya ngozi. Hakina maandishi. Ukitaka kujua umri wake, huna budi kumwuliza mtu, kwa kuwa chuma chenyewe hakina la kusema.

Kisu cha kukunja ni kitu kingine. Ndani ya mpini wake mna kamani, yaani ukanda wa feleji unaoisukuma kengee isimame wima inapofunguliwa na isifunguke yenyewe inapofungwa. Kamani hiyo yataka feleji ya namna moja, iliyotiwa moto kwa kipimo na kupozwa kwa kipimo, na vipande vyote vyataka kulingana. Kazi hii ilikusanyika katika miji michache ya Ulaya: Sheffield katika Uingereza, Solingen katika Ujerumani, na Thiers katika Ufaransa. Basi ukiona kisu cha kukunja cha zamani katika nyumba ya Ngara au Biharamulo, ujue kwa yakini kwamba kimevuka bahari. Na kwa kuwa mafundi wa miji ile walipigania majina yao, walipiga chapa juu ya chuma. Chapa hiyo ndiyo shahidi wetu wa kwanza.

II. Njia ambazo visu viliingia kwetu

Kabla ya kukitazama kisu, afaa mtu ajue ni njia zipi zilizokuwako, kwa maana kila njia ina miaka yake.

Njia ya kwanza ni ya misafara. Mwaka 1861 Waingereza Speke na Grant, wakitoka Tabora kwenda Karagwe, walipita Usui, nchi ambayo sasa imo katika upande wa Biharamulo na Ngara. Mtawala Suwarora akawatoza hongo ya nguo, shanga na nyaya za shaba kabla ya kuwaachia njia. Twaona basi kwamba vitu vya pwani vilikuwa vikifika, lakini kwa mizani ya watawala. Nazo pembe za ndovu zilishuka kwa njia zile zile mpaka Unguja, zikapakiwa kwenda Uingereza, na baadhi yake zikafanywa mipini ya visu huko Sheffield. Kampuni ya Joseph Rodgers na Wanawe ilisifika hasa kwa kazi ya pembe.

Njia ya pili ni ya Wajerumani, ambao wazee waliwaita Wadachi. Emin Pasha aliweka kituo Bukoba mwaka 1890. Mwezi wa Mei 1894 Count von Götzen alivuka mto Kagera kwenye maporomoko ya Rusumo akaingia Rwanda. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikajengwa Boma ya Biharamulo, ambayo kuta zake zingali zasimama. Pamoja na Boma wakaja askari, makarani na wachuuzi.

Njia ya tatu ni ya Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie huko Algeria mwaka 1868. Walifika Ziwa Viktoria mwaka 1879, na mwaka 1892 wakaanza misioni ya Kashozi katika Buhaya pamoja na Mhashamu Askofu Hirth, mzaliwa wa Alsace. Mapadre walikuwa watu wa mataifa mengi: Wafaransa, Waholanzi, Wajerumani, Waswisi, Wabelgiji, na baadaye Wakanada. Askofu Burkard Huwiler, aliyeiongoza Vikarieti ya Bukoba tangu ilipoanzishwa mwaka 1929, alikuwa Mswisi. Kwa hiyo kisu cha Padre chaweza kuwa cha Ufaransa, cha Ujerumani au cha Uswisi. Si lazima kiwe cha namna moja.

Njia ya nne ni ya vita. Katika mwezi wa Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji chini ya Kanali Molitor yalipita Biharamulo, na tarehe 19 Septemba mwaka huo Tabora ikatekwa. Askari mmoja alihitaji wapagazi kadhaa nyuma yake, na wengi walioshikwa kwa kazi hiyo hawakurudi. Vita ya pili, 1939 hata 1945, iliwachukua watu wa Tanganyika zaidi ya 80,000 katika majeshi ya Waingereza. Walipigana Uhabeshi mwaka 1941 na Madagaska mwaka 1942, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikapita katika bonde la Kabaw huko Burma, katika mvua na malaria, ikiwafuata Wajapani. Waliorudi walileta makoti, mablanketi, na visu.

Njia ya tano ni ya kibarua. Watu wa Bugufi na wa Burundi walikwenda Buganda kulima pamba na kahawa ya watu; wengine walikwenda machimbo ya dhahabu ya Geita. Mshahara wao uliishia katika maduka ya Wahindi, ambamo visu vilitundikwa pamoja na vioo na taa.

Na iko njia ya sita, ambayo watu husahau kwa kuwa ni ya juzi. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu yapata 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja tu, wakakaa Benaco na makambi mengine ya Ngara mpaka Desemba 1996. Mtu mwenye njaa hubadili kitu chochote kwa ndizi au maharagwe. Vimo katika nyumba zetu vitu ambavyo vilikuwa urithi wa watu wengine. Mwenye kitu cha namna hiyo na akiri, kwa maana hata hicho ni sehemu ya historia ya Jimbo.

III. Dalili za kukipa kisu mwaka

Kwanza, usikinoe wala usikisugue kwa msasa. Wengi wameufuta ushuhuda wote kwa saa moja ya usafi. Tia tone la mafuta, ngoja siku mbili, kisha pangusa kwa kitambaa laini. Fungua kengee, utazame shina lake pale linapoingia katika mpini. Hapo ndipo chapa hupigwa. Ukipaka unga mkavu au chaki na kuupangusa, unga hubaki ndani ya herufi. Tazama asubuhi, jua linapoingia kwa upande. Herufi hutoa kivuli na kusomeka.

Pili, tafuta jina la nchi. Mwaka 1887 Uingereza iliweka sheria ya chapa za bidhaa, ili vitu vya Ujerumani visiuzwe kama vya Sheffield. Na mwaka 1890 Marekani iliweka sheria yake kwamba vitu vya nje viandikwe jina la nchi vilikotoka. Kwa hiyo kisu chenye neno Germany kwa kawaida si cha kabla ya miaka hiyo. Kikiandikwa kwamba ni cha Ujerumani ya Magharibi, ni cha kati ya 1949 na 1990. Kikiandikwa Pakistan, hakiwezi kuwa cha kabla ya 1947, maana nchi hiyo haikuwako.

Tatu, tazama alama. Pacha wawili waliosimama ni alama ya Henckels wa Solingen, iliyoandikishwa mwaka 1731. Nyota na msalaba ni alama ya Joseph Rodgers wa Sheffield. Na mara nyingi kando yake pana herufi za mfalme na taji, V na R kwa Malkia Viktoria aliyefariki mwaka 1901, G na R kwa Wafalme George, kuanzia 1910. Mkono wenye taji ni alama ya Opinel wa Savoy, Mfaransa. Alianza kazi mwaka 1890, lakini alama hiyo aliitwaa mwaka 1909, na pete ya kuifunga kengee isikunjike iliongezwa mwaka 1955. Karl Elsener wa Ibach, Uswisi, alianza mwaka 1884, akawapa askari wa nchi yake visu vya kwanza mwaka 1891, na kisu cha maafisa mwaka 1897. Msalaba ndani ya ngao ni wa tangu 1909. Herufi D.R.G.M. ni za Ujerumani, za kuandikisha umbo jipya la kitu, nazo zilitumika kuanzia 1891 hata 1945.

Nne, tazama chuma chenyewe. Chuma kisichoshika kutu kilipatikana Sheffield mwaka 1913 kwa kazi ya Harry Brearley. Wajerumani hukiita Rostfrei, Wafaransa Inox. Kampuni ya Elsener ilichanganya neno hilo na jina la mama yake, Victoria, ikawa Victorinox mwaka 1921. Basi kisu chenye kengee nyeupe isiyo na doa hata moja, mtu akisema kilitolewa na Wadachi kabla ya vita ya kwanza, na akubali kuulizwa tena.

Tano, tazama mpini. Pembe huonyesha nyuzi nyuzi ukiitazama juani. Mfupa huonyesha vitundu vidogo kama vya sindano. Mti hupasuka kwa urefu wake. Lakini hapo mtu ajihadhari, kwa sababu mpini huvunjika na mhunzi wa kijijini huutia mwingine. Mpini wa juzi waweza kuishika kengee ya zamani. Chapa ya kengee ina nguvu kuliko sura ya mpini.

Sita, na hili ndilo kubwa kuliko yote: mwaka wa kufanywa si mwaka wa kufika, na mwaka wa kufika si mwaka wa kupewa. Kisu chaweza kukaa dukani, na mfukoni mwa mtu wa kwanza, na sandukuni mwa mtu wa pili. Chapa hutuonyesha mwaka ambao kabla yake kisu hakikuwako. Ya baadaye huelezwa na watu na madaftari.

IV. Kisu cha kilimani kwetu

Sasa nakuja kwenye kisu chenyewe. Ni kizito, chajaza kiganja. Mpini wake ni mweusi, umechorwa miraba midogo midogo ili usiteleze mkononi. Kina vyuma vitatu: kengee pana, kifungua kopo, na nyuma yake msumari mnene wenye ncha, wa kufungulia mafundo ya kamba. Kichwani kina kitanzi cha kutilia kamba. Kengee imeliwa na jiwe la kunolea mpaka imekuwa nyembamba kuliko upande wa shina. Kwa miaka mingi ilichinja kuku, ikakata vikonyo vya ndizi, ikachonga mipini ya majembe.

Tarakimu zilizosomwa na wazee zipo kweli. Lakini hazikuwa peke yake: karibu nazo zipo tarakimu nyingine, 6353. Mzee mmoja alieleza kwamba hiyo ni nambari ya sanduku la Padre. Maelezo hayo yaliwapendeza watu, wala hapakuwa na mtu wa kuyapinga, kwa maana 1905 ilikwisha kushinda mioyo yote.

Neno la kweli ni hili. Serikali ya Uingereza, ilipotaka kitu kwa majeshi yake, ilichagua kielelezo kimoja, ikakipa nambari na mwaka, kisha ikawaagiza mafundi wengi wafanye vilivyo sawa nacho. Kisu cha askari cha namna hii, chenye kengee, kifungua kopo na msumari, kilifanywa kwa kielelezo namba 6353 cha mwaka 1905. Nambari hizo zilipigwa juu ya visu vya vita ya kwanza, zikapigwa pia juu ya visu vya vita ya pili, kwa sababu kielelezo kilikuwa kile kile. Kwa hiyo 1905 ni mwaka wa kielelezo, si wa kisu. Mtu akishona kanzu leo kwa kipimo cha kanzu ya babu yake, kanzu haiwi ya babu.

Nilipotia mafuta na unga kama nilivyoeleza, mambo mawili zaidi yakaonekana. La kwanza ni alama ya mshale mpana wenye vidole vitatu. Alama hiyo tangu karne nyingi ni ya mali ya Serikali ya Uingereza. Fikiri basi: mwaka 1905 nchi yetu ilikuwa chini ya Wajerumani, na Mapadre waliotujia walitoka Algeria, Ufaransa na nchi za jirani zake. Padre wa namna hiyo angepataje kisu cha ghala la jeshi la Waingereza? La pili, katika shina la kifungua kopo, chini ya neno Sheffield, palikuwa na mwaka 1941. Jina la fundi limeliwa na kutu, lakini mwaka ulisomeka, nami niliwaita wazee watatu wausome wenyewe, kila mmoja peke yake.

Hapo shahidi wa chuma alikuwa amemaliza. Nikaenda kwa shahidi wa pili, yaani madaftari ya parokia. Mapadre Weupe walikuwa watu wa kuandika. Kardinali Lavigerie aliwaamuru kila misioni iwe na kitabu cha habari za kila siku, na ukatekumeni wake ulikuwa wa miaka minne, kila hatua ikiandikwa. Jina la baba wa babu yangu limo katika Daftari la Ubatizo, naye alibatizwa akiwa mtu mzima, baada ya vita ya kwanza. Mwaka 1905 alikuwa bado mtoto mchunga mbuzi. Na katika Daftari la Wafu niliona jina lisilotajwa nyumbani kwetu: la mwanawe wa kwanza, kaka mkubwa wa babu yangu, aliyekufa kijana miaka michache baada ya vita ya pili, hana mke wala mtoto.

Shahidi wa tatu ni mtu. Dada mdogo wa babu yangu alikuwa angali hai, amepita miaka tisini, macho yamefifia lakini akili ni nzima. Nilimpelekea kisu bila kumwambia neno lolote la 1905, kwa sababu mzee akiambiwa jibu kabla ya swali, mara nyingi hulirudisha lile lile kwa adabu. Nikamtia kisu mkononi, nikasema, "Bibi, kitu hiki wakijua?"

Akakipapasa, akaitafuta ile miraba kwa kidole, akakiinua kwa kitanzi chake. "Mjukuu wangu," akasema, "kamba yake iko wapi?"

Nikamjibu kwamba sijapata kuiona kamba. Akasema, "Kilikuwa na kamba. Kaka alikifunga kiunoni aliporudi Burma. Sisi watoto alitufungulia kopo la samaki, tukaogopa kula."

Nikamwuliza kwa nini nyumbani husemwa kwamba kisu ni zawadi ya Padre. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba zawadi ya Padre ilikuwako, lakini ilikuwa medali, aliyopewa baba yake siku alipoanza ukatekumeni. Medali ilizikwa pamoja naye. Na kaka yake alipokufa, mama yao alilia sana, hata watu wa nyumbani wakaacha kumtaja mbele yake ili wasimtoneshe. Kisu kikachukuliwa na mdogo wake, ambaye ni babu yangu. Watoto waliozaliwa nyuma walisikia juu ya zawadi ya Padre, wakaona kisu, wakaviunganisha.

Hivyo ndivyo habari mbili za kweli zilivyoshikana katika chombo kimoja. Hakuna mtu aliyesema uongo. Medali iliingia kaburini, na habari yake ikabaki haina pa kukaa, ikahamia katika kisu. Askari naye alikosa wa kumtaja, na kisu chake kikapewa mwenyewe mwingine. Tarakimu 1905 zilikuja baadaye tu, kama muhuri juu ya barua ambayo imekwisha kuandikwa.

Niliporudisha habari kwa wazee, mmoja alihuzunika, akasema, "Basi tumenyang'anywa mwaka wetu." Nikamwambia, "Baba, mwaka ule haukuwa wetu. Ila tumerudishiwa mtoto wetu." Hakujibu siku ile. Jumapili iliyofuata yeye mwenyewe ndiye aliyepeleka jina la marehemu kwa Padre, litajwe katika Misa ya wafu. Na ya kilima cha jirani akayaacha yakae kama yalivyo, kwamba katekista wao alivuka mto akatufundisha.

Maandishi yaliyowekwa pamoja na kisu ni haya: "Kisu cha askari, mali ya jeshi la Waingereza, kilichofanywa Sheffield mwaka 1941 kwa kielelezo cha 1905. Kililetwa kilimani hapa na kijana wa kigango hiki aliyerudi kutoka Burma. Mwombeeni." Jina lake limeandikwa hapo parokiani, wala si kazi ya kitabu hiki kulitangaza.

V. Mawaidha kwa wenye vitu vya urithi

Wahenga walinena: Mali bila daftari hupotea bila habari. Mali yetu ya Jubilei ni hii, nayo yapotea kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuuzwa. Wapo wanunuzi wapitao vijijini wakitafuta chuma kikuukuu kwa kilo, na kisu cha miaka mia hupimwa pamoja na bati bovu. Ya pili ni kuongezewa sifa. Kitu kilichoongezewa sifa kisichostahili huifukuza sifa ya mwenyewe, kama ilivyokaribia kutukia kwetu kwa watu wawili pamoja, askari wetu na katekista wa jirani.

Basi kila mwenye kisu, au saa, au rozari, au jembe la zamani, na afanye hivi. Aandike chapa yote kama ilivyo, herufi kwa herufi na nambari kwa nambari, hata zile asizozielewa, asichague zile zimpendezazo. Aandike ni nani aliyempa, na aliyempa yeye ni nani, mpaka kumbukumbu iishe. Amwulize mzee bila kumtangulizia jibu. Aende kwa Padre aombe yaangaliwe madaftari ya Ubatizo, ya Ndoa na ya Wafu. Mashahidi watatu wakipatana, na aandike kwa ujasiri. Wasipopatana, na aandike maneno ya kila mmoja mbali mbali, wala asiwalazimishe kupatana.

Na wazee wafanyiwe haraka. Yule bibi niliyemwuliza alikuwa wa mwisho katika nyumba ile kukumbuka kamba ya kisu. Katika kila kigango yuko mmoja au wawili walio kama yeye, wameketi barazani wakiota jua. Aendewe wiki hii, na kitu kipelekwe kitiwe mkononi mwake.